Mashine Imesimama

Simu kutoka kiwandani ililia Fusae akiwa amepiga magoti bafuni, anamsugua baba mkwe wake mgongo. Aliiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena. Mara ya tatu akajifuta mikono kwenye aproni na kupokea, na kabla hajaambiwa neno alishaanza kuinamisha kichwa, kama watu wa huku tunavyoinamia hata simu.

"Ndiyo. Ndiyo, nimeelewa. Hapana, hakuna usumbufu wowote. Nitafika."

Binti yake Chigusa alikuwa jikoni, anakula wali wa mchana akiwa wima. Vijiti vikamganda mkononi.

"Mama, usiniambie."

"Mwenzangu wa zamu ana homa. Wamebaki watu wawili kwenye mstari wa kupanga mayai kwenye maboksi ya chakula. Wananitaka usiku huu."

"Si ungewaambia huwezi?"

"Mwezi uliopita niliwaambia siwezi, tena si mara moja, kwa sababu ya huyuhuyu. Nikirudia, wataniambia nikapumzike moja kwa moja."

Bafuni, mzee Toyoji alikuwa anagonga ukingo wa beseni kwa kiganja, polepole, kwa mpigo usiobadilika. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza mbele ya mashine ya kukandamiza bati, kwenye karakana ya mtaa wa pili hapa Higashi-Osaka. Mashine ilimla usikivu wa masikio yote mawili na vidole viwili vya mkono wa kulia, na sasa uzee ulikuwa unamla kichwa. Kilichobaki ni mikono na ule mpigo.

"Leo ni usiku wangu," Chigusa alisema.

"Najua."

"Si kupiga muziki watu wakiwa bado wanatundika makoti, mama. Ni saa yenyewe, ukumbi umejaa. Safari hii jina langu liko juu kwenye bango."

"Nimesema najua, Chigusa."

Mtaani wengi hawakujua Chigusa hufanya nini Jumamosi. Mchana tulimwona akienda ghalani kupakia vifurushi, kofia machoni, salamu ya nusu mdomo. Usiku alikuwa DJ kwenye klabu moja ya chini ya ardhi huko mtaa wa Namba. Nimewahi kuusikia muziki wenyewe, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa: ngoma moja nzito isiyo na huruma, inayokwenda mbio kuliko moyo wa mtu anayefukuzwa, na juu yake makelele ya chuma. Wapenzi wake wananyoa vipara, wanavaa suti za michezo na kurusha miguu kama waliokanyaga makaa. Mimi ulinitia kichefuchefu. Lakini nikisema yule msichana hakuwa fundi nitakuwa mwongo, maana aliposhika meza yake ya muziki watu wazima walimwaga machozi, na sijui walikuwa wanalilia nini.

Kujitoa siku yenyewe, kwa watu wale, ni kujizika. Hakuna atakayekukaripia. Watakwambia pole, jiangalie, na hutasikia tena simu yao. Na kumwacha mzee peke yake ndiko kulikokuwa hakuwezekani kabisa. Majira ya vuli alitokea dirisha la choo, akakutwa kwenye kivuko cha reli na soksi tu, anawapungia mkono madereva wapite. Kituo cha kutwa cha wazee kilishamkataa kwa kuwasukuma wahudumu. Bi Itani, afisa wa huduma za wazee wa kata, alikuja akaketi juu ya visigino vyake, akakataa chai, akasema kwa upole wake ule unaochoma:

"Bi Fusae, umejitahidi sana. Lakini likitokea jambo jingine, hata dogo, mimi sitakuwa na namna. Itabidi aende kule mlimani."

Kule mlimani ni hospitali. Chigusa aliwahi kwenda huko kumwona jirani yetu mzee Hamaji, mtengeneza skrubu, akamkuta amefungwa mikono yote miwili kwenye vyuma vya kitanda, kavishwa glavu nene kama za kutolea mikate kwenye tanuri, anamwomba kila apitaye amkune pua. Chigusa alimkuna pua, akarudi nyumbani na kupiga magoti kando ya babu yake, akampigia kelele sikioni:

"Babu, wewe huko huendi. Hakuna mtu atakayekufunga. Mimi nasema."

"Nani kafungwa?" Toyoji aliuliza.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa jioni ile. Tukio moja tu, hata dogo, na mzee anakwenda kufungwa.

"Nitakwenda naye," Chigusa alisema.

Fusae alimtazama kama hakumsikia vizuri.

"Kuna stoo nyuma ya baa. Ana kidonge chake, atalala. Makelele hayamsumbui, hasikii. Nikimaliza tu namrudisha kwa teksi."

"Kwenye klabu. Baba mkwe wangu, kwenye klabu."

"Una mahali pengine?"

Fusae hakuwa na mahali pengine. Wapo waliosema baadaye kwamba angekataa, kwamba mama gani huyo. Waliosema hayo hawajawahi kumbadilisha mtu mzima nepi na saa ileile wanasubiriwa kazini.

Chigusa alimvisha babu yake shati safi na sweta. Alipofika kwenye mikono, mzee aliinua viganja vyote viwili mbele, kama afanyavyo kila anapovishwa.

"Kamba," alisema.

Zamani, mashine zile zilikuwa na kamba mbili kutoka juu. Kila asubuhi fundi alifungwa kamba kwenye vifundo vya mikono, na kichwa cha mashine kilipokuwa kinashuka, kamba zilimvuta mikono nyuma, atake asitake. Zilimchelewesha mtu. Siku moja mwenye karakana alikuwa na oda ya haraka, akasimama nyuma yao anatazama saa, na Toyoji akazifungua zake ili aende mbio. Hadithi hiyo aliisahau yote isipokuwa mwisho wake.

"Siku ile sikufunga," alisema.

"Leo tumefunga, babu." Chigusa alimbana vifundo vya mikono kwa vidole vyake, kulia kisha kushoto, mbano mkali kidogo. Ndivyo walivyofanya nyumbani. "Tayari."

Mzee akatulia, akakubali kuvaa viatu.

*

Mlangoni mwa klabu palikuwa na kijana wa kukata tiketi. Kule kila anayeingia huulizwa amekuja kumwona nani, na jibu lake linachorwa mstari chini ya jina la DJ, maana asiye na mistari haitwi tena.

"Mzee, leo umekuja kumwona nani?"

Toyoji alimtazama kijana midomo, akatikisa kichwa kwa adabu.

"Mchoree kwangu," Chigusa alisema.

"Huyu ni nani?"

"Ni mpenzi wa muziki. Chora."

Mwenye klabu, Muneyuki, alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, kipara, shingo ya mbeba mizigo, mpole kuliko alivyoonekana. Alipomwona mzee aliyeshikwa mkono kwenye ngazi nyembamba, akaweka chini kreti la bia.

"Chigusa. Hapa ni klabu, si kituo cha wazee."

"Samahani sana, kaka. Mama kaitwa kazini. Nimekosa pa kumweka."

"Ungenipigia mapema."

"Ungekubali?"

Muneyuki alikuna kichwa. Alikuwa na mama yake mwenyewe huko Wakayama, ambaye hakumwona tangu mwaka mpya. "Stoo," alisema mwishowe. "Kuna joto huko. Sayo, wewe wa baa, kila wimbo ukiisha umchungulie."

"Nyimbo zenu hazijawahi kuisha, kaka," Sayo alijibu huku anapanga glasi. "Toka nianze kazi hapa nimesikia wimbo mmoja tu." Lakini aliacha glasi zake, akamtandikia mzee makoti juu ya makreti, akamletea chai ya shayiri ya moto. Mchana Sayo alikuwa mchora kucha, na akamshika mzee mkono ule wenye vidole vitatu bila kusitasita, akauangalia kama anavyoangalia mkono wa mteja.

"Kucha zako nzuri, babu. Nani anakukata?"

"Mama yangu," Chigusa alisema.

Mzee alimeza kidonge, akajilaza. Kabla muziki haujaanza kushika kasi alishakuwa anakoroma, na Chigusa akafunga mlango wa stoo taratibu, akasikia mabega yakimshuka kwa mara ya kwanza siku ile.

*

Ukumbi ulijaa mpaka kuta zikatoa jasho. Chigusa alipopanda jukwaani kwenye meza yake hakumtazama mtu. Alipiga saa nzima bila kuinua uso, na ukumbi ukaenda naye kokote alikotaka. Muneyuki alisimama nyuma kwenye kiza, mikono kifuani, anatikisa kichwa kidogo kidogo, na kwa mtu kama Muneyuki hiyo ni sifa ya kutosha. Chigusa aliiona, na nitasema ukweli, alikuwa na furaha. Alisahau nyumba, alisahau ghala. Kwa muda mfupi alimsahau na babu.

Alikuwa ameuweka mwisho wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Mwaka ule karakana ilipouza mashine zake kwa chuma chakavu, alikwenda siku ya mwisho, akaomba wamwashie ile ya babu yake, akashikilia simu karibu nayo mpaka mkono ukamfa ganzi. Sauti ile ndiyo aliyoipandisha sasa juu ya ngoma: kila mapigo manne ya ngoma, pigo moja la mashine. Spika za ukutani zilikuwa ndefu kuliko mtu, na pigo lilipotoka, sakafu nzima ilipokea.

Stoo, makreti yalitikisika chini ya mgongo wa Toyoji.

Alifungua macho. Hakusikia kitu, lakini mgongo ulijua, na nyayo zilijua. Ilikuwa mashine yake, uzito wake uleule, kwa mwendo wake uleule, na yeye bado amelala. Aliona aibu. Akainuka, akaliokota koti alilolalia, akalikunja vizuri kama linavyokunjwa kwenye kabati la wafanyakazi. Akainua viganja mbele, akasubiri. Hapakuwa na mtu wa kumfunga. Sayo alikuwa ameelemewa na wateja, kampa stoo kisogo, na mzee akapita nyuma yake.

Vijana walimpisha. Wengine walimshangilia, wengine wakamwinulia simu na kumpiga picha: mzee wa miaka themanini, sweta la kijivu, anapita katikati ya vipara na jasho akiangalia mbele tu. Akafika kwenye spika. Ni kawaida ya vijana wale, wakilewa muziki, kuingiza kichwa ndani ya mdomo wa spika na kuikumbatia, ili pigo liwapige usoni. Kijana mmoja alikuwa hivyo, kichwa ndani, mikono ndani, mgongo unarukaruka kwa kila pigo.

Toyoji aliona mashine inashuka, na mtu yumo.

"Simamisha," alipiga kelele. "Mtu yumo ndani. Simamisheni."

Nani angemsikia? Aligeuka kulia. Kwenye kila mashine aliyowahi kuendesha, kitufe cha kusimamishia kiko upande wa kulia, usawa wa kifua, chekundu. Na kweli kilikuwepo, kwenye nguzo, chekundu, na taa nyekundu juu yake. Akakipiga kwa kiganja chake cha vidole vitatu kwa nguvu zote.

Kengele ya moto ikalia jengo zima. Na kwa kuwa sheria inataka hivyo, klabu zote zimefungwa waya unaokata muziki kengele ikilia. Muziki ukakatika. Taa nyeupe zikawaka.

"Mashine imesimama," Toyoji alisema, kwa ile sauti kubwa ya viziwi.

Akamwendea kijana, akamtoa kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku. Akamshika mikono, akakunjua vidole kimoja kimoja.

"Uko mzima," alisema. "Uko mzima, mwanangu. Usirudie."

"Sawa, mzee," kijana alisema, ameduwaa, anawatafuta wenzake kwa macho.

Waliokuwa mbele waliona yote na kucheka. Waliokuwa nyuma hawakuona kitu. Walisikia kengele, na mtu mmoja akasema moto, na ngazi ya kutokea ilikuwa moja, nyembamba, yenye mkunjo katikati. Chigusa aliwaona kutoka mezani wakijisukuma pale kama maji kwenye shimo la sinki. Alimwona Sayo amepanda juu ya kiti kando ya ngazi, mikono hewani, anawaomba watu watulie, hakuna moto, jamani hakuna moto. Kisha hakumwona tena.

*

Alfajiri ilikuwa na baridi. Magari ya zimamoto yaliziba barabara, na Muneyuki alikuwa akiinama mbele ya kila mtu kwa zamu: mbele ya maofisa, mbele ya mwenye jengo aliyekuja na pajama chini ya koti, mbele ya mama mwenye duka la tambi za jirani. Kila akiinuka aliinama tena. Chigusa alisimama pembeni amemshika babu yake, akisubiri zamu ya kutukanwa.

Hakutukanwa. Muneyuki alikuja akavua jaketi lake, akamfunika mzee mabegani.

"Mkono wa Sayo umevunjika pawili," alisema. "Wa kulia. Wamempeleka."

"Kaka, mimi..."

"Mpeleke babu yako nyumbani. Anatetemeka."

"Kaka Muneyuki."

"Ule wimbo wa mwisho ulikuwa mzuri," alisema, na akarudi kuinama.

Fusae hakuhitaji kuelezwa. Kiwandani, wakati wa mapumziko, msichana wa mstari wa mboga alimwonyesha video kwenye simu akicheka: tazama, mama, babu kazima disko. Watu wengi walikuwa wameshaiona na kuandika chini yake utani wa kila aina. Fusae alitazama mpaka mwisho, akarudisha simu kwa mikono miwili, akasema asante, akarudi kwenye mayai yake. Alipanga mayai mpaka zamu ikaisha. Aliporudi nyumbani akanawa mikono, akachemsha uji wa wali, na ndipo alipomwambia binti yake:

"Kalale. Mchana tuna pa kwenda."

*

Kuomba radhi huku kuna utaratibu wake. Unavaa nguo nyeusi au ya kijivu, unakwenda mwenyewe, na unabeba boksi la vitafunio vitamu kutoka duka kubwa, limefungwa karatasi ya duka hilo. Lisiwe la bei rahisi, ukaonekana unadharau, wala la fahari, ukaonekana unanunua. Fusae alichagua keki za maharagwe, akabeba boksi mwenyewe, akamkataza Chigusa kuligusa. Mzee alibaki na jirani kwa saa ile moja.

Mama yake Sayo aliwafungulia mlango, hakusema karibu. Walibaki pale chini panapovuliwa viatu. Fusae akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni, na Chigusa akafuata. Kwa ndani, Sayo alikuwa ameketi mbele ya televisheni, mkono umefungwa plasta mpaka begani, hakugeuka. Nafikiri aliona haya kwa ajili yao.

"Inukeni," mama alisema. "Mzee wenu hana kosa. Mgonjwa hana kosa. Mimi nauliza jambo moja tu. Nani alimpeleka mahali kama pale?"

"Ni mimi," Chigusa alisema.

"Mwanangu anachora kucha kwa mkono ule. Daktari hajui kama vidole vitarudi vilivyokuwa."

"Samahani sana."

"Yeye alikubali kumwangalia, kwa sababu hajui kusema hapana. Wewe ulijua hilo."

Chigusa alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Hilo hakulitarajia. Akashusha tena kichwa, na hakukiinua mpaka Fusae alipomgusa. Boksi lilikuwa katikati yao. Mama yake Sayo aliinama, akalirudisha kwa ncha ya kidole mpaka likagusa goti la Fusae. Kisha akawaaga kwa adabu zote.

Njiani Fusae aliliweka kwenye kikapu cha baiskeli, akalifunika na skafu, mtu asilione. Usiku ule Toyoji alizila keki zile mbili, tatu, midomo imejaa unga mweupe, macho yanang'aa.

"Leo sikukuu gani?" aliuliza.

Fusae alimfuta mdomo, akampa ya nne.

*

Bi Itani alikuja kabla wiki haijaisha. Safari hii alikunywa chai, na Fusae akajua mambo yamekwisha. Karatasi zilikuwa ndani ya bahasha ya kijani. Moja ilikuwa ya kukubali kulazwa, na nyingine ya kukubali mgonjwa afungwe pale madaktari watakapoona lazima, kwa usalama wake. Alipoondoka aliziacha mezani.

"Usigonge muhuri," Chigusa alisema.

Fusae alikuwa ameshatoa muhuri wa nyumba, ambao huku ndio sahihi, kwenye mtoto wa meza, kijiti kile kidogo chenye jina la ukoo wa mumewe, aliyekufa akamwachia Fusae baba yake wa kumtunza.

"Nilimwahidi, mama."

"Uliahidi wewe. Anayemwosha ni mimi."

"Nitaacha muziki. Nimeshauacha, hakuna atakayeniita. Nitaacha na ghala, nitakaa naye mchana na usiku."

"Tutakula nini?"

"Tutapata."

"Tutapata wapi? Nionyeshe, Chigusa, na mimi nifurahi." Fusae hakupandisha sauti. "Tangu baba yako afe nalala na soksi, ili nisichelewe mzee akiinuka. Hakunizaa, sikumzaa. Nimemkata kucha, nimemsafisha, nimemtafuta mitaani na tochi. Ulipokuja kumpigia kelele sikioni kwamba haendi popote, uliniuliza mimi?"

Chigusa alitazama bahasha ya kijani.

"Nimechoka," Fusae alisema. "Sina neno jingine zuri zaidi. Nimechoka."

Alipumulia muhuri joto, akaubonyeza kwenye wino mwekundu, akagonga karatasi ya kwanza. Ya pili mkono ukamgoma, jina likatoka nusu, ikabidi agonge tena kando yake.

*

Kule mlimani kulikuwa safi, na kulinukia supu. Muuguzi alikuwa kijana mwenye adabu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliwaeleza kila kitu mara mbili. Ni usiku tu kwa kuanzia, kwa kuwa wakati wa usiku wako watu wachache na wagonjwa wengi. Mikanda ni laini, haiachi alama. Wakitaka wanaweza kusubiri nje, familia nyingi husubiri nje.

"Nitakaa," Chigusa alisema.

Alikuwa hajalala siku mbili. Alikuwa ameshapanga moyoni atakavyomshika babu miguu atakapoanza kupigana, ili angalau wasimuumize, na atakavyomwomba msamaha sikioni. Fusae alisimama ukutani amekumbatia mfuko wa nguo.

Walimlaza. Mzee alitazama dari, akatazama pazia, hajui yuko wapi, uso umejaa wasiwasi. Muuguzi akafungua mikanda miwili iliyoning'inia kwenye vyuma vya kitanda, mmoja kila upande, na Toyoji akaiona.

Uso wake ukakunjuka. Sijui niseme vipi. Kwa miezi ile yote hawakuwahi kumwona akiwa na uso wa mtu anayejua alipo. Akavuta mwenyewe mikono ya pajama nyuma, akainua viganja vyote viwili mbele, ampe muuguzi nafasi.

"Kaza vizuri," alisema. "Siku ile sikufunga."

Muuguzi alifunga kulia, akafunga kushoto. "Wengi hupigana," aliwaambia wale wanawake, na sauti yake ilikuwa na shukrani. "Huyu ni mtu mwema sana."

Toyoji aliijaribu kamba kama fundi, akavuta mara moja kulia, mara moja kushoto, akaona inashika. Ndipo akamgeukia mjukuu wake, na macho yake yakashuka kwenye mikono yake mitupu.

"Na wewe? Mbona hujafunga?"

Chigusa alisogea kitandani. Akainua viganja vyake, akavibana pamoja mbele ya uso wa mzee, karibu, apate kuviona.

"Nimefunga, babu," alisema, polepole, ili midomo isomeke.

Mzee aliviangalia kwa makini, kimoja kisha kingine. Akaridhika.

"Haya," alisema. "Washa."

Akalaza nyayo zake kwenye ubao wa mwisho wa kitanda, akatulia, akingoja sakafu itikisike. Muuguzi alipozima taa na wao wakatoka, bado alikuwa anangoja.